Salamu Nilizozikata

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa binti mwembamba mwenye wino vidoleni, nimekaa kwenye baraza la mjomba wangu fundi cherehani, karibu na stesheni ya Kilosa. Mbele yangu palikuwa na meza ndogo, kalamu, na karatasi nilizozinyoosha kwa pasi. Ndiyo, kwa pasi. Mjomba akimaliza kupiga pasi suruali za watu, nami nilipiga karatasi zangu, maana sikuweza kuvumilia hata mkunjo mmoja.

Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua. Sikuajiriwa na mtu. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, na yaliyobaki nilijifunza mwenyewe kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari na kunakili sentensi zilizonipendeza. Wewe leo unawaandikia watu kwa kompyuta, na juzi uliniambia kwa uchungu kwamba wateja wanakuja mara moja tu, hawarudi. Nilicheka kidogo, nisamehe. Mimi nami walikuwa hawarudi.

Nikiri jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule: nilikuwa nawaogopa watu. Treni ikishusha abiria, nilijifanya nasafisha kalamu ili nisimsalimu yeyote. Niliamini kazi ikiwa safi, bila kosa hata moja, itaniletea watu yenyewe. Mjomba aliniangalia kwa muda, halafu akasema, “Tatu, hebu wasalimu hao. Wanadhani nimekuweka hapo unionyeshee magauni.”

Siku hiyo akaja mama mmoja kutoka Rudewa, miguu imejaa vumbi, kitenge amejifunga kiunoni kwa nguvu kama mtu aendaye kazini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, binti. Wewe ndiye unayeandika?”

Jina lake Bi Mwajuma. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na familia yake ilikuwa imepewa kiwanja katika kijiji kipya. Mumewe alikuwa ameumia mguu kwenye mkonge, hawezi kubeba miti. Mtoto wao wa pekee wa kiume, Saidi, alikuwa Mikumi, kibarua katika kambi ya wajenzi wa barabara. Bi Mwajuma alitaka aje awajengee nyumba kabla ya masika.

Nikashika kalamu. Akaanza na salamu. Shangazi yake anamsalimu. Jirani wa upande wa mtoni anamsalimu, kikohozi chake kimepona. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani anamsalimu. Babu mwenye mbuzi mmoja anamsalimu, na mbuzi kazaa.

“Mbuzi naye anasalimu?” mjomba akadakia kutoka kwenye cherehani.

“Mwandike naye,” Bi Mwajuma akajibu bila kugeuka. “Saidi ndiye aliyekuwa akimchunga.”

Katikati ya majina hayo akasema, kwa sauti ya chini kidogo, “Na baba yake anamsalimu.” Kisha akarudia, “Umeandika? Baba yake anamsalimu.” Nikaitikia kwamba nimeandika. Sikuinua hata uso.

Lori la kurudi Rudewa likapiga honi, akaondoka kabla sijamsomea. Nikabaki nikiitazama ile rasimu, na nikaona aibu. Ukurasa mmoja na nusu wa salamu, halafu mistari mitatu ya ombi! Niliwaza: vijana wa kambini watakaoiona barua hii watasema nini juu ya aliyeiandika? Maana nilitamani wavutiwe, waulize jina langu, wawe wateja wangu. Basi nikaandika upya. Nilianza “Ndugu Saidi,” kama walivyokuwa wakiandikiana maofisini siku zile. Nikaweka: “Unaombwa ufike nyumbani kabla ya mvua za masika kwa ajili ya ujenzi wa nyumba ya familia.” Salamu zote nikazikusanya katika mstari mmoja: “Wote hawajambo na wanakusalimu.” Niliichana na kuiandika tena mara nne, mpaka pambizo zikanyooka. Nikaipeleka posta nikiwa na furaha ya kijinga.

Majuma kadhaa yakapita. Bi Mwajuma akarudi, safari hii na wanawake wawili wa kijijini kwake waliotaka nao kuandikiwa. Akanipa bahasha, tabasamu limemjaa. “Kajibu. Nisomee.”

Nikaisoma kwanza kimoyomoyo. Ilikuwa fupi. “Mama, nimepokea barua ya ofisi. Kama baba ananiita kupitia kwa karani, kama anavyoitwa kibarua, mwambie sina likizo.”

Mwanangu, nikuambie ukweli. Bi Mwajuma hakujua kusoma, na wale wanawake wawili hawakujua kusoma. Ningeweza kutunga jibu lolote. Maneno yalikwisha kunijia: anakusalimu, ana kazi nyingi, atakuja baadaye. Yalifika mpaka mdomoni. Nikamtazama yule mama aliyekuwa akinitegea sikio, nikaona siwezi. Nikasoma kama ilivyoandikwa.

“Soma tena,” akasema. Nikasoma tena.

“Salamu ya baba yake hakuiona?”

“Niliikata, mama.”

Mjomba akageuka kutoka kwenye cherehani.

“Uliikata kwa nini?”

“Niliona salamu ni nyingi mno. Nilitaka barua iwe nzuri.”

Hakunipigia kelele. Alikaa kwenye ngazi ya baraza. “Saidi aliondoka nyumbani bila kuaga, baada ya kugombana na baba yake. Miaka miwili mume wangu hajalitaja jina la yule kijana. Siku ile asubuhi, najifunga kitenge, nikamsikia anasema, ‘Nisalimie huyo.’ Hata jina hakusema, tena alikuwa amegeukia ukuta. Ndipo nikaja mbio kwako. Nyumba, binti yangu, ningewaomba hata majirani wakanijengea.”

Nililia pale pale mbele ya wateja. Mmoja wa wale wanawake akamnong’oneza mwenzake, wakaanza kuinuka. Bi Mwajuma akawaambia, “Kaeni. Bado hajamaliza kazi yangu.” Kisha akanigeukia. “Chukua karatasi. Leo nisikilize kwanza, ndipo uandike. Na utaipeleka mwenyewe.”

Kesho yake nilipanda basi la Mikumi. Mjomba alikataa katakata niende peke yangu kwenye kambi ya wanaume, akafunga duka akaja nami, akilalamika njia nzima kuhusu sare za shule alizoziacha. Tulipofika kambini, hofu yangu ya zamani ikanishika. Lakini safari hii nilikuwa nimebeba maneno ya mtu, nisingeweza kujificha nyuma ya kalamu. Nikawasalimu wazee shikamoo mmoja mmoja, nikauliza alipo Saidi wa Rudewa.

Alikuja akijipangusa vumbi la kokoto. Alipoona bahasha akasema, “Dada, barua za ofisi sitaki.”

“Basi usisome,” nikamwambia. “Nitakusomea mimi. Ile ya kwanza niliiharibu mimi, mama yako hana kosa.”

Nikasoma kila jina. Vibarua wengine wakasogea. Nilipofika kwa mbuzi aliyezaa, wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, “Hongera, Saidi, una wajukuu!” Saidi naye akacheka, bila kupenda. Kisha nikasoma: “Na baba yako alisema, nisalimie huyo. Alikuwa amegeukia ukuta.”

Kicheko kikakatika usoni pake.

“Alisema ‘huyo’?”

“Alisema ‘huyo’.”

“Basi ni yeye,” akasema. “Hilo karani hawezi kulitunga.” Akavua kofia, akaenda kumtafuta msimamizi wake.

Saidi alipewa ruhusa, na nyumba ilisimama kabla ya masika. Nilisimuliwa kwamba siku ya kwanza baba na mwana walifanya kazi bila kusemezana hata neno. Siku ya pili wakaanza kubishana mlango utazame wapi, na hapo Bi Mwajuma akashukuru Mungu, akajua mambo yametengemaa.

Nami sikuondoka kambini upesi. Wale vijana walinizunguka, “Dada, niandikie na mimi.” Niliandika mpaka mjomba akaja kunikumbusha basi la mwisho. Kila mmoja nilimwuliza kwanza: nyumbani wako nani, nani anaumwa, mmekosana na nani? Niliyaweka majina yao kwenye daftari, na aliyekuja tena nilimwuliza mama yake anaendeleaje. Sikufanya hivyo kwa ujanja wa biashara. Nilikuwa nimeona jina moja lililoachwa linavyoweza kuumiza.

Nilidhani watu wa Rudewa nimewapoteza. Lakini mwezi uliofuata mama nisiyemjua alisimama mbele ya meza yangu. “Bi Mwajuma kanielekeza kwako,” akasema. “Kasema ulimkosea, ukamwambia mwenyewe.” Baada yake wakaja wengine, wa Rudewa, wa Mikumi, hadi wa milimani Vidunda, na nilisomesha watoto kwa kazi hiyo. Hakuna siku nisiyomshukuru mama yule. Angeweza kunitangaza vibaya soko zima, na angekuwa na haki. Badala yake alilitaja kosa langu lote, akaongeza neno moja la kweli juu yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Anayekupa maneno yake uyaandike amekupa kitu chake, hata yakionekana marefu na ya kuchosha. Mwulize kabla ya kukata. Usikae unangoja kazi yako iwaite watu. Inuka uwasalimu wewe, uwajue majina, na ukumbuke walichokuambia mara iliyopita, maana mtu humrudia anayemjali kabla ya kumrudia anayeandika vizuri. Ukikosea, na utakosea hata ukiichana karatasi mara nne, usingoje mteja agundue. Mwambie wewe, kisha uende kurekebisha kwa miguu yako. Na anayekuonya kwa upole, mshike, umkumbuke katika dua zako.

Mungu akukutanishe na watu wenye subira na ujana wako, kama alivyonikutanisha mimi. Akupe sikio pana kuliko kalamu yako. Kila mlango utakaobisha kwa kazi hii, ufunguliwe, na ukiisha kutoka, wenye nyumba wakutaje kwa wema. Amina.