Siku Ng'ombe wa Utepe Alipoila Manowari Yangu

Tangu Jumamosi sijapita mbele ya bomba la maji mchana. Nangoja jua lishuke kidogo, wanawake wapungue, halafu natoka na debe nikiangalia chini, na hata hivyo jana Mama Atieno aliniona akaita, "Kapteni! Leo umekuja bila ng'ombe?" wakacheka mpaka debe la mtu likamwagika. Kwa hivyo wacha niseme yote mwenyewe, maana kila mtu hapa landhi, nyumba hizi za wafanyakazi wa reli, anasimulia lake, na kuna mmoja anasema eti nilipigwa teke nikaruka ua, na hiyo si kweli. Nilianguka tu. Nilianguka kwenye mavi ya ng'ombe mbele ya baba yangu na nusu ya watu wa Nakuru, lakini sikuruka ua.

Chanzo chake ni wivu, na aliyenitia wivu ni Salim.

Kabla Salim hajaja, mimi ndiye niliyekuwa mtengeneza meli peke yangu katika landhi za reli. Baba ni seremala wa mabehewa, kwa hivyo vipande vya mbao havikosekani kwetu, na Mwalimu Zablon anayetufundisha useremala shuleni alinionyesha namna ya kuchonga manowari kutoka kwenye picha. Bahari sijawahi kuiona. Maji makubwa niliyoyaona ni Ziwa Nakuru, ambalo wakati mwingine ndege ni wengi kuliko maji. Lakini watu walikuwa wakipita mlangoni kwetu wanasema, "Barasa, hebu tuone meli," nami naitoa kimyakimya (mimi si mtu wa maneno, nikiulizwa jina mara mbili nalisahau), na kwa kweli nilikuwa nafurahi sana moyoni.

Halafu baba yake Salim akahamishwa kutoka Mombasa akaletwa hapa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na Salim akaingia shule yetu, darasa letu, na siku ya kwanza ya useremala akatoa kwenye mfuko wake manowari ndogo ya kijivu, mwalimu akainyanyua akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu. Kwangu hakuwahi kunyamaza, kwangu alikuwa anasema "vizuri, vizuri" huku anaangalia nje dirishani.

Ikaonekana kwamba Salim ana mjomba anayefanya kazi ya kutia makaa katika manowari ya kweli huko Mombasa, na yeye mwenyewe amepanda juu yake, ameshika mizinga kwa mkono. Na hajivuni! Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Angejivuna ningemchukia vizuri. Alikuja kwetu jioni na rula akapima meli yangu kwa upole kama daktari, akasema, "Barasa, ndugu yangu, inchi moja ya mbao ni futi kumi na sita za meli, sivyo? Basi huyu baharia wako aliyesimama hapa mbele ana urefu wa futi kumi na mbili." Dada zangu wakacheka wakaanguka kitandani. Tena akasema pale mbele hapaitwi mbele, panaitwa omo. Nikamwambia sisi huku tunasema mbele. Akasema, "Sawa, mbele," kwa adabu kabisa, nikazidi kukasirika.

Na Baba! Baba akaichukua ile meli ya Salim, akapitisha kidole gumba ubavuni toka mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Huyu mtoto ana mkono." Baba yangu huyu, ambaye nikileta ripoti ya shule anasema "weka hapo."

Ilipotangazwa kwamba kwenye Shoo ya ukulima kutakuwa na hema la kazi za mikono za vijana, Mwalimu Zablon akatupa sote wawili ramani moja ya manowari, kila mtu nakala yake, akasema atakayeifuata ramani sawasawa ndiye atakayepewa utepe. Manowari yenyewe ilikuwa na mizinga minane, miwili miwili katika vibanda vinne. Nikachonga likizo nzima. Nikapima, nikapiga msasa, mizinga nikaitengeneza kwa misumari niliyoikata vichwa, na nasema bila haya kwamba nilipomaliza ilikuwa sawa. Ningeiacha hapo leo ningepita bombani kama watu wengine.

Lakini nilikwenda kuchungulia ya Salim, nikaona ni ile ile. Sawa na yangu, ila safi zaidi. Nikajiuliza mwamuzi atachagua ipi, na jibu nililijua. Basi nikarudi nyumbani nikaongeza kibanda cha tano nyuma ya bomba la moshi, na mizinga miwili juu yake. Nilifikiri, mwamuzi mzungu akiona mizinga kumi hapa na minane pale, atachukua ya kumi. Na kwa sababu Salim aliwahi kusema kwamba manowari ikirudi kutoka safari ndefu chumvi inaganda nyeupe ubavuni, nikatembea mpaka ziwani, nikakwangua magadi ukingoni, nikayachanganya na uji wa unga, nikapaka mstari mweupe kuzunguka meli yote. Ilipendeza! Ilionekana imetoka mbali. Nikaifunika na kitambaa, sikumwonyesha mtu.

Jumamosi, siku ya Shoo, nikaiweka mezani mapema na kitambaa chake. Kidogo akaja mama mmoja wa kusimamia hema, akaziangalia, ya Salim akaipeleka mbele kabisa penye mwanga, yangu akaisukuma nyuma katikati ya kikapu na kabichi kubwa ya mtu wa Njoro. Kabichi ile iliifunika yote. Nami nilijua Baba angefika akitoka kazini, aingie, akutane na meli ya Salim, apitishe tena kile kidole, atoke. Yangu asingeiona.

Ndipo nikafanya jambo dogo tu. Nikaichukua meli yangu, nikatoka nayo nje kwa nyuma, nikaiweka juu ya robota la nyasi kavu kando ya njia, ili Baba akija aione kwanza kabla ya kuingia. Nikatoa kitambaa. Nikarudi hatua kidogo nikasimama kama mtu asiyehusika.

(Najua. Robota la nyasi. Kwenye Shoo ya ng'ombe. Msiniulize, nimeshajiuliza.)

Baba nilimwona kwa mbali, kumbe amepita nyumbani akavaa koti lake la Jumapili, nami nikawa namwangalia yeye tu, kwa hivyo sikuona kwamba kutoka upande wa pili wanapitisha ng'ombe walioshinda. Wa kwanza alikuwa ng'ombe mkubwa wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mwekundu mwenye mabaka meupe, utepe wa buluu kichwani, na mchungaji wake Kiptoo amevaa koti jeupe na kumshika kamba. Ng'ombe akafika penye robota, akasimama. Akanusa. Akatoa ulimi, ulimi mrefu sijawahi kuona, akalamba manowari yangu kutoka omo mpaka mwisho.

"Twende, mama," Kiptoo akamvuta. Hakwenda. Alikuwa ameonja magadi, na ng'ombe hupenda chumvi yake kuliko nyasi. Akalamba tena, na tena, macho yamefumba nusu, halafu akaona kulamba kunachelewesha, akaing'ata.

Mimi ambaye siwezi kusoma kwa sauti darasani nilipiga kelele Shoo nzima ikageuka. Nikashika upande wa mbele, yeye ameshika upande wa nyuma, tukavutana. "Wewe kijana, wacha ng'ombe ya memsahib!" Kiptoo anapiga kelele. "Aache meli yangu!" nami napiga kelele. Mtu akasema, "Mpe tu, ameshinda!" Meli ikakatika katikati, nikaenda kinyumenyume na nusu yangu nikakaa chini, pale nilipokwisha kuwaambia.

Kungekuwa na huruma, mambo yangeishia hapo. Lakini Kiptoo akaokota kipande akakiangalia, akakinusa, akakionja na ncha ya ulimi, uso ukabadilika.

"Hii ni magadi. Nani alipaka meli magadi? Na hii ni nini? Musumari? Ng'ombe amekula musumari!"

Watu wa mji huenda hawajui, lakini huku kila mtu anajua kwamba msumari ukifika tumboni mwa ng'ombe unaweza kufika moyoni. Kicheko kikakatika. Memsahib mwenyewe, yule mama wa kizungu mwenye ng'ombe, akaja mbio ameshika kofia, anasema, "Kiptoo! Ngombe yangu iko kula nini?" Kiptoo akasema, "Manowari, memsahib," na hakuna aliyecheka, ndipo nikajua nimekwisha.

Salim akatoka hemani. Akaangalia vipande, akaniangalia mimi. Akapiga magoti kwenye ule uchafu na suruali yake nyeupe, akatandika leso, akaanza kuokota mizinga na kuipanga, watu wamemzunguka, Kiptoo akitoa vijiti kinywani mwa ng'ombe na kumpa. Mwishowe Salim akainuka, akasema kwa sauti ya furaha, "Minane! Memsahib, mizinga yote iko hapa. Meli hii naijua, ina mizinga minane tu."

Watu wote wakapumua. Memsahib akasema asante, asante sana. Kiptoo akaanza kukusanya kamba. Na Baba alikuwa amefika, amesimama nyuma ya Salim, anamwangalia Salim kama vile nilivyotaka aniangalie mimi.

Wacha niwaambie ukweli wa moyo wangu. Nilifikiri, pengine ile mingine miwili imeanguka mbali. Pengine ng'ombe mkubwa hivi hataona msumari mdogo hivi. Nikamwangalia yule ng'ombe, naye ananiangalia anatafuna, ulimi umekuwa wa kijivu kwa rangi yangu, hana wivu na mtu.

"Bado," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, sauti ikatoka nyembamba kama ya msichana. "Bado miwili. Ilikuwa kumi."

Salim akageuka. "Kumi? Barasa, ramani ina minane."

"Niliongeza."

"Uliongeza? Uliongeza wapi?"

"Nyuma ya bomba la moshi."

"Lakini pale kuna mashua!" alisema Salim, na aliumia kweli, kama vile nimemtukana mjomba wake. "Mabaharia watashukia wapi?"

Sasa watu wakacheka. Walicheka wakashikana mabega. Mwalimu Zablon alikuwa amekuja na yeye, nikamwona anafunika uso kwa mkono. Lakini Kiptoo hakucheka, alimfungua ng'ombe kinywa, akaingiza mkono shavuni mpaka kiwiko, akazungusha, akatoa msumari mmoja unaong'aa kwa mate.

Ukabaki mmoja. Tukautafuta. Nyasi zikafumuliwa, mavi yakachokorwa kwa fimbo, memsahib akavua glavu akainama na yeye, watoto wakatambaa, waamuzi wa nguruwe wakaacha nguruwe wakaja. Kiptoo akarudisha mkono kinywani mara ngapi sijui. Ng'ombe akachoka, akalala chini, memsahib akaanza kulia, nami nikaanza kulia, nikasema nafsini kwamba nimeua ng'ombe wa utepe kwa ajili ya utepe.

"Wewe," Baba akasema. "Geuka."

Nikageuka. Nikasikia anavuta kitu katika sweta yangu, kule mgongoni, kilikuwa kimenasa kwa ule uji wa magadi. Akakiinua juu watu wote wakakiona.

"Ni hii?"

Kile kicheko sitakieleza. Mpaka ng'ombe akainuka.

Salim alipewa utepe, na alistahili, nami nilipomwona anaupokea na suruali imejaa mavi kwa ajili yangu, bado niliona wivu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiri aibu ingeuondoa. Haikuuondoa. Lakini nimeapa, na wakumbuke wote wanaocheka bombani: sitaongeza mzinga ambao haumo katika ramani, hata nikichonga mpaka nizeeke, na kitu nisichotaka kiliwe sitakiacha juu ya nyasi.

Tukarudi nyumbani, Baba mbele, mimi nyuma. Nikangoja kiboko. Tukala ugali, akanawa mikono, akaniita mezani, akasukuma taa kando.

"Hiyo miwili," akasema, "uliiweka vipi? Mimi niliona meli ya yule kijana. Nyuma ya bomba la moshi hakuna nafasi."

Nikamwambia nilichonga kibanda chembamba kuliko vingine, nikakizamisha kidogo ndani ya sakafu ya meli. Akasema nimchoree. Nikachora kwa kidole juu ya meza, kwa maji yaliyomwagika. Akaangalia sana, akainamisha kichwa huku na huku. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, Baba, akacheka mpaka akakohoa, Mama akatoka jikoni kutazama.

"Basi kesho anza nyingine," akasema akijifuta macho. "Ya minane. Na nenda umwite yule Salim aje na rula yake."

Laiti angalisema jambo lolote jingine!

Nilikwenda. Polepole, lakini nilikwenda.