Mikro Mbili za Kambale

Tangu Jumapili, batu wa Butembo bananiita Papa Mikro. Bon, sikieni yenyewe kwangu.

Mimi ni fundi wa mbao. Miaka hii ya vita nimetengeneza masanduku ya maiti mengi sana. Donc, Kambale, muimbaji wa korali, alipoomba nimutengenezee gitari ya umeme ya kupiga metali, ile muziki ya kelele, nilifurahi mpaka nikajibu ndiyo kwa kila kitu.

"Papa Paluku, weka mikro mbili zenye nguvu. Unazijua?"

"Mikro? Mimi?" Nilicheka kama mwenye kuzijua zote.

Papa Musa, mwenye kamio ya kubeba mizigo, aliniletea mbili toka Beni. Nilitoboa mbao, nikazipandisha humo, vichwa vyake juu kama viazi vya Lubero.

Jumapili salle ya paroki ilijaa. Barabara iliyofungwa na vita ilikuwa imefunguka, batu wote walikuwa na hamu ya kufurahi. Niliunganisha gitari na baffle kubwa za kanisa, zile za kutoa sauti, ndio nikaondoa kitambaa nilichoifunika nacho. Kambale aliinama juu yake.

"Papa! Hizi ni mikro za kusemea. Mikro ya gitari ni sumaku, inakaa chini ya kamba, inasikia kamba tu!"

Nilimuvuta karibu, juu ya gitari, nikamunong'oneza. "Nyamaza, mwanangu. Hapana ambia batu kama mimi sijue."

Baffle zikarudisha kila neno langu, kubwa na safi. Salle nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Papa Paluku," bibi yangu, mama ya watoto wangu, akaita toka benchi ya mwisho, "mikro zako ziko na nguvu kweli!"