Bibi Harusi wa Kila Jumamosi

Mwaka ule nilioondoka kwetu Kakuyuni kwenda Malindi kufanya kazi, niliolewa kila Jumamosi. Bwana harusi sikuwahi kumwona, maana hakuwapo. Hoteli iliyoniajiri, upande wa kusini wa mji, iliwaandalia wageni wake harusi ya Kiswahili ya kutazama kabla ya chakula cha jioni, na biarusi nilikuwa mimi.

Sikuingia pale kwa kazi hiyo. Niliingia na kikundi cha ngoma cha kwetu, wasichana na wavulana wa Kigiriama, tukicheza Jumatano kwenye nyasi karibu na bwawa la kuogelea. Kazi ya ngoma niliipenda. Ngoma ikianza kulia mabega yalitetema yenyewe, hando, sketi yetu ya marinda, likapepea kiunoni, nami nikasahau kwamba kuna watu wamekaa kwenye viti wananitazama.

Msimamizi wa burudani alikuwa kijana wa Mombasa, mwepesi wa maneno, asiyeweza kuona siku ikipita bila sherehe. Wageni walitoka Ulaya, wengi Waitaliano na Wajerumani, na yeye aliogopa wasije wakachoka. Alipopata wazo la harusi alizunguka Shela nzima, mtaa wa Waswahili pale Malindi, akiomba familia zimpe binti wa kukaa kama biarusi. Kila nyumba ilimkaribisha, ikampa kahawa, ikamwambia hapana. Ndipo akanigeukia mimi.

"Mimi ni Mgiriama," nikamwambia. "Tena Mkristo."

"Wageni watajuaje? Wewe una shingo ndefu. Kazi yako ni kutulia tu."

Kutulia ndiko kulikonishinda.

Alimpata somo mmoja tu aliyekubali, mwanamke wa makamo kutoka Shela aliyekuwa amepamba maharusi wa mji ule kwa miaka mingi. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akashika mikono yangu na kuigeuza.

"Mikono ya jembe," akasema. Hakusema kwa dharau. Kisha akachanganya hina, akainamisha kichwa na kuanza kunichora maua kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko, polepole, kana kwamba nje palikuwa na mume anangoja.

"Bibi, si mchezo tu huu?" nikamwuliza. "Hina kidogo haitoshi?"

"Mchezo ni wao. Mimi sijui kupamba nusu."

Alinifukiza udi, akanivika leso mpya, akanifunga kikuba cha asumini kifuani, akanikalisha juu ya kitanda cha kamba kilichowekwa jukwaani. Wanawake aliokuja nao walizunguka wakipiga pembe za ng'ombe kwa vijiti na kuimba. Kamera zikaanza kulia. Mimi nikainamisha kichwa, na baada ya kitambo kidogo miguu ikaanza kuniwasha kwa ndani.

"Mguu, mwanangu," somo alininong'oneza. "Unatikisika kama mtu anayetaka kukimbia."

"Nimechoka kukaa, bibi."

"Biarusi hachoki. Na usichungulie. Biarusi hatazami watu."

Lakini nilichungulia. Kupitia pindo la leso niliona viatu vya wageni, magoti mekundu kwa jua, mtoto anakula aiskrimu. Nilisikia Kigiriama changu cha kwetu kikinizunguka kichwani na kukosa pa kutokea. Usingizini nikawa naota nimekaa, nimekaa tu, na mtu ananiambia bado.

Tabu ya hina ni kwamba haivuliwi pamoja na nguo. Jumapili niliamka na mikono ile ile. Jumatatu nikienda sokoni wanawake wakanipigia vigelegele na kuniuliza mume ni wa wapi. Kabla rangi haijafifia Jumamosi nyingine imefika. Siku moja nikakutana sokoni na jirani yetu wa Kakuyuni aliyeleta mihogo. Aliitazama mikono yangu, akanitazama usoni, wala hakuuliza neno. Nilitaka kumweleza, lakini alikuwa ameshageuka kwa mteja.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa jukwaani, kichwa chini, pembe zikilia, niliposikia mlinzi anapiga kelele upande wa lango. Halafu nikaona miguu ninayoijua, miguu mipana isiyo na viatu, ina vumbi jekundu hadi magotini, inapita katikati ya viti vya wageni.

"Inuka!" mama akasema kwa Kigiriama. "Inuka hapo!"

Nikainua uso. Alikuwa amekuja na nguo zake za shambani.

"Nani amekuoza?" Akapanda jukwaani. "Baba yako hajaletewa hata tembo la mnazi la posa! Ni nani hawa watu wako? Wameniona mimi ni mti?"

"Mayo," nikamwita kama tunavyowaita mama zetu, "ngoja, si kweli, ni..."

Hakungoja. Alinishika mkono akanivuta, kikuba kikakatika, asumini zikamwagika jukwaani. Wanawake wakaacha kuimba. Somo alisimama kando, mkono mdomoni. Kisha ukasikika mlio kama mvua ya ghafla juu ya mabati. Wageni walikuwa wakipiga makofi. Walisimama wakapiga makofi zaidi, na mwanamume mmoja akasogea karibu ili ampige picha mama vizuri.

Mama akawatazama mmoja mmoja, akaniachia mkono. Sijapata kumwona mama hajui la kufanya na mikono yake ila siku ile.

Nilimpeleka nyuma ya jikoni nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiitazama hina yangu. Bado tulikuwa tumekaa pale msimamizi alipokuja mbio, uso unang'aa.

"Mama, shikamoo! Wamefurahi ajabu! Wanauliza kama Jumamosi ijayo utakuwapo tena. Tafadhali, uje kila wiki, ufanye vile vile."

"Vile vile vipi?" mama akauliza.

"Ukasirike."

"Mwanangu," mama akamwambia taratibu, "mimi hukasirika nikikasirishwa." Akafunga leso yake vizuri, akaenda zake kutafuta gari la kumrudisha Kakuyuni. Hakuniambia nifuatane naye, wala hakuniambia nibaki.

Nilibaki. Na msimamizi, asiyejua kushindwa, akamtafuta mwanamke mwingine. Alimvika nguo zilizochakaa, akampaka vumbi miguuni, akamfundisha kuingia kwa kelele kutoka langoni. Somo alipoona mazoezi hayo alikusanya vifaa vyake.

"Mimi hupamba wanawari," alimwambia msimamizi. "Mama wa mtu sitamcheka." Hakurudi tena.

Jumamosi ilipofika nilipambwa haraka haraka na wafanyakazi wa hoteli. Yule mama wa bandia akaingia, akapiga kelele, akanishika mkono palepale mama aliponishika. Wageni wakacheka. Nikahisi miguu inapata moto. Niliinuka kabla hajanivuta, nikashuka jukwaani, nikapita katikati ya viti nikielekea langoni. Makofi yakanifuata. Nadhani walingoja nirudi kuwainamia.

Nilifika nyumbani asubuhi yake, bado nina wanja machoni. Mama alikuwa anapalilia mahindi. Alinipa jembe, tukapalilia mpaka jua likatuchoma tukakaa kivulini kula.

"Hebu nionyeshe ulivyokuwa ukikaa," akasema ghafla.

Nikajifunika leso, nikainamisha kichwa, nikaweka mikono mapajani. Nilitulia kuliko nilivyowahi kutulia mbele ya wageni.

"Siku ile," mama akasema, "hasira haikutangulia. Nilipokuona kwanza niliona umependeza. Nikasema, mwanangu ameolewa, ameolewa vizuri, na mimi sikuwapo. Hapo ndipo nikapiga kelele."

Nilibaki nimeinama mpaka akaniambia basi, nile, chakula kinapoa.

Mvua zilipokwisha nikaondoka tena. Niliambiwa kuna hoteli kule Bofa, Kilifi, inahitaji watu wa jikoni. Mama alinisindikiza hadi barabarani, akanikumbusha nitume salamu. Gari lilipokuja lilikuwa limejaa, nami sikutaka kungoja jingine. Nikapanda, nikasimama hadi Kilifi.