Bweni Litamnyoosha

Shule ya kwanza tuliyokwenda kuiona ilikuwa Masasi mjini, na getini palikuwa na maua yaliyomwagiliwa. Mimi ni mtu wa Newala. Nikiona maji yanamwagwa kwenye maua mwezi wa kumi, mvua bado iko mbali, najua hapo pana watu wenye uwezo. Nikaipenda shule kwa sababu hiyo tu. Naandika hivi ili ijulikane kwamba mimi nami sikuwa na kipimo cha maana.

Tulikuwa watatu: mimi, kaka yangu mkubwa, na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili katika shule ya serikali huku kwetu Makote. Kaka alikuja kwa sababu kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Baba wa mtoto anampenda binti yake, sina neno naye, lakini alipoulizwa habari ya shule alisema, "Mjomba wake ataamua," na hakuna aliyeona kwamba amekwepa. Tena kaka ana mikorosho mingi Chiwata na ada angetoa yeye. Kwa hiyo neno lake lilikuwa zito mara mbili.

Kilichotupeleka ni hiki. Binti yangu anasoma kitu chochote chenye maandishi. Alianzia kwenye mifuko ya salfa tunayopulizia mikorosho. Hakuna aliyemfundisha, nilishtukia tu ananisomea maonyo ya sumu huku nakoroga uji. Hesabu anazifanya kichwani. Lakini darasani watoto wakianza kuitikia kwa pamoja, anaziba masikio na kuingia chini ya dawati. Akiitwa hajibu. Akishikwa mkono analia mpaka sauti inakauka. Akachapwa, tena si mara moja. Mwalimu wake si mtu mbaya, nimsemee haki yake: darasa lile limejaa mpaka wengine wanaandikia magotini, na yeye yuko peke yake.

Daktari wa hospitali ndiye aliyelitaja neno usonji. Akasema si ugonjwa wa kunywea dawa, mtoto ndivyo alivyoumbwa, mtafutieni shule yenye watoto wachache na walimu wenye subira. Nilitaka kumuuliza, subira mtu anaitambuaje akifika shuleni kwa mara ya kwanza, siku moja, asubuhi moja? Nikaona swali la kijinga. Mimi niliishia darasa la saba. Nikanyamaza, na kimya kile nimekijutia sana.

Kabla hatujaenda Masasi nilimfundisha salamu. Kwetu mtoto asiyeamkia watu, aibu ni ya mama. Yeye kwa asiyemjua hasemi kitu, anamtazama tu. Nikafikiri, kwa kuwa anapenda mambo yenye kanuni, nimpe kanuni: aliyekuzidi umri, mwambie shikamoo. Akaikubali. Nikafurahi, nikaona nimefanya kazi ya kiualimu.

Basi tukaingia ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, uso kama wa mtu aliyemaliza sekondari juzi. Binti yangu akasimama mbele yake, akamkazia macho. Nilijua anafanya nini. Anapima.  Kaka akakohoa. Mimi nikaingiwa na hofu, nikajikuta nimesema mwenyewe, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akajibu upesi, kabla hajafikiri.

Halafu akanitazama, nami nikatazama sakafu. Nilikuwa nimempa shikamoo kijana ambaye angezaliwa kwetu ningembeba mgongoni. Kaka akageukia dirishani kana kwamba kuna mtu anamwita huko nje.

"Mama," binti yangu akasema, "huyu umemzidi." Kisha akamgeukia mwalimu mkuu. "Umezaliwa mwaka gani?"

Mwalimu akacheka kidogo, si kwa furaha. "Na wewe umezaliwa mwaka gani?"

Akamtajia, na siku ya wiki akaongeza. "Bado hujanijibu," akasema.

Kaka akaingilia. "Mwanangu, mwalimu mkuu haulizwi umri. Mwalimu mkuu ni mkubwa tu."

"Kila mtu ana umri, Mjomba."

Nilitamani niwe nimebaki Makote.

Wakampeleka kufanya mtihani wa kuingilia pamoja na wengine. Mwalimu mkuu alirudi na karatasi yake mkononi, na sura imebadilika. "Hesabu amepata zote," akasema. "Swali moja tulilikosea sisi wenyewe, amelisahihisha." Ningeweza kuficha hili ili nimchafue, lakini alisema hivyo mbele yetu, wala hakujikosha. Wangapi wangekiri? Kisha akaweka karatasi mezani. "Akili anazo, mama. Kilichobaki ni adabu, na hiyo si shida. Bweni litamnyoosha."

Alisema kwa nia njema, kama fundi anayekuambia baiskeli yako haijafa, imepinda tu.

Nikauliza kama anaweza kusoma na kurudi nyumbani, maana Masasi nina shangazi. Hapana, hapo wote wanalala bweni. Nikauliza bweni moja lina watoto wangapi. Akanitajia. Nikamwona binti yangu katikati ya sauti zote hizo alfajiri, ndoo zinagongana, filimbi inapigwa.

"Kelele hawezi, mwalimu."

"Wiki mbili za mwanzo, mama. Wote wanalia wiki mbili."

Nje ya geti kaka alikuwa mtu mwenye sikukuu. "Wamemkubali. Unataka nini tena?"

"Kaka, hawajamkubali yeye. Wamekubali hesabu zake."

"Kwani hesabu kazifanya nani?"

 Mpaka leo nikilikumbuka swali lile naliona ni zuri.

Shule ya pili iko huku juu, upande wa Newala, nyuma ya kanisa dogo. Kuta hazijapigwa lipu, madarasa machache, na inaishia darasa la nne. Kaka alikuja kwa kuwa nilimwomba sana. Mwalimu aliyetupokea ni mama mtu mzima, na kabla hata hatujakaa sawasawa kengele ikagongwa, ile ya rimu ya gari, na binti yangu akaingia chini ya meza.

Mwalimu hakuinama kumwangalia. Aliendelea kuzungumza na sisi, akavuta kitabu kwenye rafu na kukishusha chini kwa mkono mmoja. Kikapokelewa. Baadaye kikarudi juu. "Nimemaliza," sauti ikasema. Mwalimu akashusha kingine.

Kaka akavumilia, akashindwa. "Mwalimu, mtoto yuko chini ya meza."

"Namwona, baba. Huku juu tumejaa watu wazima."

Nikafarijika, na papo hapo nikapandwa na hasira. Miaka miwili ya fimbo na machozi, kumbe kilichotakiwa ni kitu kidogo kiasi hiki. Sikujua nimkasirikie nani. Yule mwalimu wa Makote hana hata rafu ya kushushia kitabu.

Nikamuuliza kama amewahi kufundisha mtoto mwenye usonji. "Neno nimelisikia redioni," akasema. "Siwezi kukudanganya kwamba nalijua." Na alipoona namna mtoto anavyosoma, akaongeza jambo ambalo wala hatukumuuliza: vitabu vya hesabu walivyo navyo huyu atavimaliza upesi, na baada ya hapo yeye hajui atampa nini.

Kaka akanitazama. 

Jioni kwake Chiwata tulikuwa tunageuza korosho zilizoanikwa. Akaanza taratibu. "Mdogo wangu, wewe unamtafutia mahali ambapo hatalia. Mimi namtafutia mahali pa kufika. Yule mama mwenyewe amesema hataweza."

"Amesema kweli. Kule Masasi nani alisema hataweza?"

"Kule wanaweza."

Binti yangu alikuwa amekaa karibu, anapanga korosho kwa ukubwa. Nikaona nimuulize yeye atakayesoma. Akasema ile ya maua ina kabati la vitabu, milango ya kioo. Nikamuuliza bwenini ataweza kulala. "Hapana," akasema, kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha. "Lakini kabati limejaa."

Kaka akapiga makofi mara moja. "Umesikia?"

Nilisikia yote mawili. Ndilo lililonichosha, kwamba kila mtu alikuwa anasema kweli na mimi natakiwa niikatae ya mmoja. Mama yetu, marehemu, hakuwahi kumpinga kaka yake kwa jambo la watoto. Mimi nami sikuwahi.

"Kaka, Masasi nakataa," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba radhi.

Akaendelea kugeuza korosho mpaka mwisho wa jamvi. "Basi utawapigia wewe," akasema. "Mimi siwezi kumwambia hapana mtu aliyenikubalia. Na ada usiogope, sijamkatalia mtoto. Nimekukatalia wewe."

Nikapiga simu kesho yake, nimesimama shambani ambako mtandao unakamata. Nilijieleza vibaya, nikazunguka sana. Nilikuwa naomba yule kijana anikasirikie, ili niwe na haki. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimemfikiria yule binti," akasema. "Nimeongea na matroni. Tungempa kitanda cha pembeni, karibu na mlango wake. Na nafasi yake naweza kuishikilia mpaka shule zitakapofunguliwa."

 Siku ile ofisini hakuyasema haya. Au mimi ndiye niliyeuliza vibaya, nikahesabu watoto wa bweni badala ya kuuliza watamfanyia nini mtoto wangu.

"Na asipozoea, mwalimu?"

"Watoto wote huzoea, mama," akajibu, kwa upole kabisa.

Nikamwambia nafasi ile ampe mtoto mwingine. Akasema haya, akamtakia heri, simu ikakatika. Nilibaki pale kati ya mikorosho nikijiuliza kama neno lile la kuzoea lilikuwa baya kweli, au nilikuwa nimeshaamua na nikawa nangojea tu aseme chochote nikikamatie.