Vifaranga wa Mara ya Tatu

Katika tangi la kioo sebuleni kwetu Makindu, samaki wangu wawili wa mapambo walikuwa wamekula mayai yao mara mbili. Mara ya tatu mayai yalianguliwa, vifaranga wakaanza kuogelea. Asubuhi iliyofuata niliwabadilishia maji, nikichota maji ya mvua kwenye mtungi wa jikoni. Kufikia saa sita walikuwa wametapakaa chini, weupe, wamekufa.

“Hayo nilitia dawa ya klorini jana, si kuna kipindupindu sokoni?” mama alisema. “Kwani samaki wako hawawezi kunywa maji yenye watu wanakunywa?”

Niligeukia tangi. Samaki dume alikuwa akihema kwa kasi, lakini aliokota kifaranga mmoja mmoja kwa mdomo na kumtema juu ya jani walikoanguliwa. Kila mmoja aliteleza akazama tena, naye akamfuata.