Mpiga pasi ambaye majirani waliogopa kumfungulia mlango

Saa nne asubuhi pasi imeshapata moto, na mpiga pasi analinyunyizia maji shati jeupe la karani. Anaanza na ukosi, anahamia mabegani, ndipo anashuka mikononi. Simu yake iko rafuni, juu kidogo ya kichwa chake, na sauti imefunguliwa hadi mwisho. Kila akigeuza nguo huitupia jicho, kama mama aliyelaza mtoto chumba cha pili.

Simu imenyamaza. Chumba nacho kimenyamaza. Zamani, kufikia saa hizi, benchi la mlangoni lilikuwa limejaa watu wanaongojea suruali zao huku wakipiga soga. Leo ameketi fundi viatu peke yake, ambaye kibanda chake kimepakana na chumba hiki, na wala hakuja na nguo. Amekuja na vikombe viwili vya chai.

"Kunywa, Israili wangu," anasema. "Leo bado hujatoa roho ya mtu?"

"Nitaanza na yako. Sogeza mguu huo, unakanyaga shuka la watu."

Wanacheka wote wawili. Fundi viatu analitamka jina hilo la malaika wa mauti kwa utani, na mwenye kuitwa analipokea kwa utani. Lakini mtaani wapo wanaolitamka bila kucheka.

Mpiga pasi ni mjane aliyepita miaka hamsini. Anaishi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya meza yake ya kazi, na binti yake, ambaye ameolewa mbali, humpigia simu kila Jumapili. Miaka mitatu iliyopita watu wa huduma ya dharura walikuja kwenye ukumbi wa shule kutafuta wenye moyo wa kujitolea. Alikwenda, anasema, kwa kuwa Jumamosi mchana hakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Huko walifundishwa kubonyeza kifua cha mwanasesere wa mpira. "Mwalimu akaniuliza, mama, mikono hii umeitoa wapi? Nikamwambia, kwenye pasi, mwanangu. Basi kila mtu akageuka kunitazama. Nilifurahi siku ile."

Kabla hajaondoka walimwekea programu kwenye simu. Mtu akianguka na moyo wake ukasimama, wa nyumbani hupiga namba ya dharura. Gari la wagonjwa linatoka, lakini njia ni ndefu na moyo hausubiri. Kwa hiyo kituo kinawatumia ujumbe waliojitolea walio karibu, simu zao zinalia kwa mlio wa peke yake, na ramani inawaonyesha nyumba. Anayeweza anakimbia.

Mtaa wao wote una mmoja tu, ambaye ni yeye.

Simu inapolia huiacha pasi palepale ilipo na kutoka mbio, kanga kiunoni. Hajawahi kurudi akakuta nguo imeungua. Fundi viatu huingia nyuma yake, akachomoa waya ukutani, akaisimamisha pasi wima isiguse nguo. Hajawahi kuombwa kufanya hivyo, wala hajawahi kulizungumzia.

Tatizo lilianza taratibu. Moyo ukishasimama wengi hawarudi, hata akiwahi nani. Mpiga pasi alifundishwa hilo tangu siku ya kwanza. Mtaa haukufundishwa. Mtaa uliona tu kwamba mama huyu akiingia nyumba fulani anakimbia, kesho yake kwenye nyumba hiyo panawekwa viti vya matanga.

Mmoja akasema ana kisirani. Wa pili akaongeza kwamba hata kabla ya kifo anajua, ndiyo maana anafika kabla ya gari. Wanaomletea nguo wakapungua, sasa wamebaki karibu nusu. Kuna mama ambaye akimwona anakuja upande wake wa barabara, humshika mtoto mkono na kuvuka.

"Doa ukilipiga pasi kabla ya kulifua, halitoki tena," anasema huku akikunja shati la karani. "Na mimi ndivyo nilivyofanywa."

Binti yake alimshauri kwa upole. "Mama, si uizime tu hiyo programu? Umeshafanya ya kutosha." Alimjibu kwamba atafikiria. Na kweli alikuwa anafikiria, hadi alasiri moja ya mwezi uliopita simu ilipolia na ramani ikamwonyesha nyumba ya mwoka mikate.

Anawajua vizuri. Mwoka mikate ni mtu mnene, mcheshi, ambaye kila Ijumaa alikuwa akileta kanzu yake na kusimama kungojea. Mpiga pasi alikimbia hadi mlangoni akagonga. Mke wa mwoka mikate alifungua, macho yamemtoka, kwani ndiye aliyepiga namba ya dharura na alikuwa anatarajia watu wa gari. Akamwona aliyesimama mbele yake.

"Si wewe," alisema. "Humu hamna maiti. Nenda."

Akafunga mlango, na komeo likasukumwa kwa ndani.

Waliojitolea wana kanuni: ukikataliwa, huvunji mlango wala huingii kwa nguvu. Angeweza kurudi kwenye pasi yake na hakuna ambaye angemlaumu. "Miguu iligoma," anasema. "Nilisema moyoni, huyu mama hanikatai mimi. Anakataa kufiwa."

Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Shoga, siingii. Nakuapia siingii. Nisikilize tu. Anapumua?"

Sauti ndogo ikajibu kwa ndani: "Anakoroma kidogo, halafu anaacha."

"Huko si kupumua. Mlaze chali sakafuni. Umemlaza? Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake. Nyoosha mikono. Sasa bonyeza kwa nguvu, uzito wako wote."

"Nitamvunja."

"Mvunje. Mbavu zitaunga. Fuata mlango."

Na hapo akaanza kuupiga mlango kwa kiganja, kwa mwendo ule aliofundishwa, wa haraka na usiobadilika. Watu wakatoka vibarazani. Waliomwona walidhani ni ugomvi, na mmoja akamwambia, "Mama, waache watu na nyumba yao." Hakugeuka. Aliendelea kupiga huku sikio limegandishwa kwenye mbao, akisikiliza pumzi za mwanamke aliye ndani zinavyokwenda na mkono wake. Zilipolegea alisema, "Usiache, shoga. Lia, lakini usiache." Zikarudi.

Gari la wagonjwa lilipofika, mlango ulifunguliwa kwa watu wa gari. Yeye akasogea pembeni. Wakamtoa mwoka mikate kwenye machela na mkewe akapanda naye. Hakuna aliyemwambia neno. Kiganja kilikuwa kimevimba. Simu ikaandika kama kawaida yake: tukio limefungwa, asante.

Anayejitolea haambiwi kilichotokea baadaye. Hiyo nayo ni kanuni, na ndiyo inayomchosha kuliko mbio. Alisubiri viti vya matanga. Siku zikapita, havikuwekwa. Habari aliipata kwa fundi viatu, ambaye aliipata dukani: mwoka mikate amerudi nyumbani, amekonda, ametegemea fimbo, lakini anatembea.

"Nilikaa chini," anasema. "Sikulia. Nilikaa tu."

Ila habari ilikuja na mkia wake. Mtaani walisema amepona kwa sababu mkewe alikuwa na akili. Alimfungia Israili mlango.

Fundi viatu alitaka kwenda kupiga kelele dukani. Mpiga pasi alimzuia. "Utamweleza nani? Aliyepona yupo, mkewe yupo. Wakitaka kusema watasema." Wiki mbili alipiga pasi akisikia maneno hayo yakipita dirishani, na usiku alilala kidole kikiwa kwenye kile kibonye cha kuzimia programu.

Hakukibonyeza. Alhamisi iliyopita, mchana kweupe, wakati mabenchi ya barazani yamejaa watu, mke wa mwoka mikate alikuja na kanzu mkononi. Aliipitisha mbele za watu wote bila kuifunika. Akaingia, akaketi.

"Nilikufungia," alisema.

"Ulinifungia."

"Na unajua wanavyosema."

"Nayasikia. Dirisha langu halina kioo."

Mgeni aliiweka kanzu mezani. "Jana nimewaambia pale dukani. Nimewaambia nilikuwa nafuata mkono wako. Wengine wamenicheka. Wengine wamenyamaza." Akaifungua mikono yake na kuitazama. "Hivi yale mafunzo, mtu wa umri wangu wanamkubali?"

Mpiga pasi anasimulia hayo akiwa amesimamisha pasi, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Mafunzo mengine ni mwezi ujao, ukumbi uleule. Watakwenda pamoja. Wateja hawajarudi, na mama yule wa mtoto bado anavuka barabara. Hategemei mambo hayo yabadilike haraka.

Tumaini lake ni dogo zaidi ya hapo. Kwa miaka mitatu mtaa wote ulikuwa na simu moja ya kulia, na hiyo simu ni yake. Angeanguka yeye, isingemwita mtu mwingine yeyote. Mwezi ujao itakuwepo ya pili, nyumba chache tu kutoka hapa.

Jana alimwita seremala, akamwonyesha komeo la ndani la mlango wake, akamwambia alitoe.

"Huogopi wezi, mama?" seremala aliuliza.

"Mwizi atachukua pasi," alimjibu. "We litoe, mwanangu. Kuna mtu siku moja atakuja anakimbia, nataka akisukuma paingilike."