Mak Yake, Arap Yangu

Sir alikuwa Mskoti mwekundu kama nyanya, meneja wa ghala letu la vipuri huku Ras Al Khor, Dubai, na jina lake la ukoo lilianza na "Mak". Mimi nilikuwa mlinzi wa geti. Siku niliyompelekea ombi la likizo ya Desemba, alisoma jina langu akauliza hiyo "arap" ni kitu gani. Nikamwambia ni mwana wa fulani. Akacheka hadi akakohoa. Kumbe Mak yake ni hiyo hiyo: kwa Kigaeli, lugha ya wazee wao, ni mwana wa. Wanawake walikuwa na yao, "Nik", yaani binti wa, ila Kiingereza kilipoingia wote wakaandikwa Mak.

"Kwa hivyo binti yako ni mtoto wa kiume wa marehemu fulani?" nikamuuliza.

Akasema ndiyo, na karo analipa yeye, si marehemu.

Lakini mimi sikuwa na mchezo. Sir alizaliwa akaikuta Mak yake inamngoja. Kwetu Wakalenjin, kijana hupewa arap akitoka jandoni, mbele ya watu, na Desemba hiyo ilikuwa zamu ya kifungua mimba wangu. Jina analopewa ni la babake. Sasa babake akose kuwepo, kwa sababu ya vipuri vya watu? Sir akasema atanipigania ofisi kuu. Ofisi kuu wakasema inshallah, na ukikaa Dubai unaijua hiyo inshallah yao. Likizo ikakataliwa. Niliwaka, nikamwambia Sir yote yaliyokuwa moyoni, mengine kwa Kikalenjin ili nisifukuzwe.

Siku yenyewe ndugu yangu akapiga simu ya video. Sir akaja getini bila kuitwa, tai shingoni, akaniambia niende kivulini, kizuizi atakiinua yeye. Hakujua kukiinua. Malori yakapanga foleni, madereva wakampigia honi na kumfokea yalla, yalla, afanye haraka, naye jasho linamtiririka hadi kwenye soksi. Raha niliyoisikia siifichi.

Kwenye simu watu wakakusanyika. Mzee mmoja akaita kwa nguvu, arap, halafu jina langu.

Nikafungua mdomo niitike. Kijana mrefu nisiyemzoea akanitangulia kuitika, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko yangu.